Metali Iliyokuja Imekwisha Kuchanganywa: Historia ya Kusubu Aluminiamu kutoka Subukia hadi Nakuru

Bonde la Subukia, lililo kiasi cha kilomita 40 kaskazini-mashariki mwa mji wa Nakuru, chini ya ukingo wa Laikipia na karibu na mstari wa ikweta, linajulikana kwa kilimo na wala si kwa metali, lakini aluminiamu imo katika historia yake tangu enzi za mashamba ya walowezi. Metali hiyo haikuingia bondeni ikiwa mkuo safi unaongoja kuyeyushwa. Iliingia ikiwa pistoni ya trekta, kichwa cha injini ya gari au kasha la pampu ya maji, yaani ikiwa imekwisha kuchanganywa na silikoni, shaba, magnesiamu na nikeli katika viwanda vya Ulaya na baadaye vya Japani. Na kila kipuri kilipochakaa kilipimwa kwenye mizani ya mnunuzi wa vyuma chakavu, kikapelekwa Nakuru au Nairobi, kikayeyushwa na kupewa umbo jipya. Mafundi walioifanya kazi hiyo walirithi mchanganyiko ambao hawakuupanga wao. Ndiyo sababu swali la namna ya kuzifanya chembe za aluminiamu kuwa ndogo kwa kutumia boroni, ambalo katika maabara za Ulaya lilikuwa swali la kemia na joto, katika sehemu hii ya Bonde la Ufa ni kwanza swali la historia: metali iliyo chunguni ilitoka wapi, na nani aliitia nini kabla haijafika hapo.

Ufundi wa metali wenyewe ulikuwako zamani. Wamaasai walikuwa na wahunzi wao, Il-kunono, waliotengwa kijamii ingawa mikuki na simi zote zilitoka mikononi mwao, na Wakikuyu walikuwa na aturi, waliopata chuma kwa kuchoma mchanga wenye madini kwa makaa na mivukuto. Chuma hicho hakikuyeyuka hata kidogo. Tanuri ya udongo haikuweza kufika nyuzi 1,538 za Selsiasi ambazo chuma safi huzihitaji ili kiwe kimiminiko, hivyo mhunzi alitoa bonge lenye taka ndani yake, akalipasha moto na kulifua tena na tena hadi likawa chuma cha kufaa. Kusubu, yaani kuyeyusha metali kabisa na kuimimina katika kalibu ili igande kwa umbo la kalibu hiyo, kulijulikana zaidi pwani, ambako siwa ya shaba ya Lamu imebaki kuwa ushahidi wa ustadi huo. Bara, kazi ya kusubu ilikuja kwa reli.

Ujenzi wa Reli ya Uganda ulianza Mombasa mwaka 1896, ukafika Nakuru mwaka 1900 na Kisumu mwishoni mwa mwaka 1901, na uliwaleta kutoka Bara Hindi vibarua na mafundi wapatao 32,000. Wengi walirudi kwao na maelfu kadhaa wakabaki, na miongoni mwa waliobaki walikuwamo Masingasinga wa ukoo wa mafundi wa mbao na chuma ambao karakana zao zilienea katika miji ya reli, Nakuru ikiwa mmojawapo. Katika karakana hizo vijana wa Kiafrika waliajiriwa kushika koleo, kuvukuta moto na kufagia, na kwa kutazama walijifunza mengi kuliko yaliyofundishwa waziwazi. Mtafiti Kenneth King, aliyechapisha utafiti wake kuhusu mafundi wa Kenya mwaka 1977, aliieleza kwa kirefu njia hiyo ya ujuzi kutoka kwa fundi Mhindi hadi kwa fundi Mwafrika. Chuo cha serikali cha kufundisha Waafrika ufundi, kilichofunguliwa Kabete katika miaka ya 1920, kilitoa wahunzi, waashi na maseremala, lakini sayansi ya metali haikuwa sehemu ya mafunzo yale.

Subukia ya wakati huo ilikuwa nchi ya walowezi. Mkataba wa mwaka 1904 uliwaondoa Wamaasai kutoka sehemu kubwa ya Bonde la Ufa, ule wa mwaka 1911 ukawaondoa Laikipia, na baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia mpango wa mwaka 1919 wa kuwapa ardhi askari wa Uingereza uliongeza mashamba makubwa katika nyanda hizi. Subukia na jirani yake Solai zililima kahawa na mahindi na kufuga ng'ombe wa maziwa, tawi la reli likafika Solai, na Chama cha Wakulima wa Kenya, KFA, kikaweka makao makuu yake Nakuru. Trekta za mwanzo zilikuwa za chuma cha kusubu karibu mwili mzima. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia hali ilibadilika: Ferguson TE20, iliyoundwa kuanzia mwaka 1946 hadi 1956, na baada yake Massey Ferguson 35 na 135, zilikuwa na pistoni za aluminiamu, na pistoni ni kipuri kinachokwisha. Kila injini iliyofunguliwa na kutengenezwa upya shambani iliacha pistoni tatu au nne zisizo na kazi, zenye uzito mdogo lakini zilizotengenezwa kwa aloi ya hali ya juu kuliko kitu kingine chochote kilichokuwa katika ghala la mlowezi.

Aloi ni metali iliyochanganywa na elementi nyingine ili ipate sifa ambazo haikuwa nazo peke yake. Aluminiamu tupu huyeyuka kwenye nyuzi 660, ni laini, na ikimiminwa katika kalibu hunywea sana inapoganda, yaani hupungua ujazo na kuacha mashimo. Silikoni huiponya kasoro hiyo kwa kiasi kikubwa, kwani huifanya itiririke vizuri hadi pembe za mwisho za kalibu na ipungue kidogo tu inapopoa. Mchanganyiko wenye silikoni ya asilimia 12.6 hivi huganda wote kwa pamoja kwenye nyuzi 577, nao huitwa yutektiki, maana yake mchanganyiko wenye kiwango cha chini kabisa cha kuyeyuka. Ukiwa na silikoni pungufu ya hapo, aluminiamu hutangulia kuganda na yutektiki hufuata kujaza nafasi zilizobaki. Pistoni hutengenezwa karibu na kiwango cha yutektiki kwa sababu silikoni nyingi huzuia kutanuka kwa joto, ilhali vichwa vingi vya injini vina silikoni ya asilimia 6 au 7 tu. Tofauti hiyo ya asilimia chache ndiyo inayoamua, kama itakavyoonekana, iwapo kuna maana yoyote ya kuhangaika na boroni.

Aloi hizi zilikuwa na ubaya wao: silikoni iliganda kwa vipande vikubwa vyenye ncha kali ambavyo viliifanya metali ivunjike kama kigae. Mwaka 1920 Aladar Pacz, Mhungaria aliyefanya kazi Marekani, aliomba hataza ya kutibu aloi iliyoyeyuka kwa chumvi ya sodiamu floraidi, na hataza hiyo ikatolewa mwaka uliofuata. Sodiamu kidogo sana ilitosha kuibadili silikoni ya yutektiki kuwa nyuzi laini, na kutoka hapo aloi za aluminiamu na silikoni zikaingia katika magari na ndege. Tiba ya Pacz hugusa umbo la silikoni. Haigusi ukubwa wa chembe za aluminiamu, na mambo hayo mawili yamechanganywa mara nyingi mno hata na watu wa karakana.

Chembe, kwa maana ya elimu ya metali, ni fuwele moja ndani ya kipande kilichoganda. Metali inapopoa, fuwele huanza kwenye viini, yaani vijisehemu vigumu ambavyo atomi hupata pa kujipanga, kisha kila fuwele hukua hadi ikutane na jirani yake. Viini vikiwa vichache, chembe huwa kubwa kiasi cha kuonekana kwa macho juu ya kipande kilichokatwa na kuoshwa kwa tindikali, na vikiwa vingi, chembe hudogoka hadi sehemu ndogo ya milimita. Kipande chenye chembe kubwa hupasuka kinapokuwa bado moto ndani ya kalibu, hukusanya mashimo ya kunywea mahali pamoja badala ya kuyatawanya, na huvuja maji au mafuta yakitiwa kwa shinikizo. Kudogosha chembe ni kuiongezea metali viini kabla ya kuimimina.

Mwaka 1930 Walter Rosenhain na wenzake wa Maabara ya Taifa ya Fizikia ya Uingereza walieleza kwamba misombo ya titani, iliyotiwa awali kwa nia ya kuondoa gesi, iliacha chembe ndogo kuliko kawaida. Sababu ilitafutwa kwa miaka karibu ishirini. Mwaka 1949 mtafiti A. Cibula, wa chama cha utafiti wa metali zisizo chuma kilichokuwa London, alichapisha maelezo kwamba viini vilikuwa vijisehemu vigumu vya misombo ya titani na kaboni au titani na boroni, vyenye mpangilio wa atomi unaokaribiana na ule wa aluminiamu, na katika makala yaliyofuata mwanzoni mwa miaka ya 1950 alionyesha kwamba boroni kidogo ikiandamana na titani hupunguza sana kiasi cha titani kinachohitajika. Crossley na Mondolfo wa Marekani, mwaka 1951, walishikilia maelezo mengine, wakiweka uzito juu ya msombo wa titani na aluminiamu yenyewe, na mabishano hayo yaliendelea kwa miongo kadhaa bila kuwazuia wenye viwanda kufanya biashara. Chumvi za floraidi za potasiamu zenye titani na boroni zilitiwa katika aluminiamu iliyoyeyuka ili kutengeneza aloi ya kuongezea, yaani mkuo au fimbo yenye viini tele ambayo huyeyushwa kidogo kidogo katika metali ya kazi. Mchanganyiko wa titani asilimia 5 na boroni asilimia 1 ukawa kipimo cha dunia nzima, na vijisehemu vya titani diboraidi ndani yake vina ukubwa wa mikromita moja au mbili tu.

Fimbo hiyo ilifanya kazi vizuri katika aluminiamu ya mabati na waya, lakini haikufanya vizuri hivyo katika aloi za kusubu. Silikoni ikizidi asilimia 3 hivi huanza kuiharibu nguvu ya viini vya titani, na chembe zinakua tena hata fundi aongeze fimbo. Ukweli huu uliwarudisha watafiti kwa boroni yenyewe. Mwaka 1985 Geoffrey Sigworth na M. M. Guzowski walieleza nchini Marekani kwamba kwa aloi zenye silikoni aloi za kuongezea zenye boroni nyingi zaidi hudogosha chembe vizuri kuliko zile za mabati, na katika miaka ya 1990 utafiti wa Trondheim, Norwe, ulionyesha sababu. Boroni ikiwa peke yake katika aluminiamu tupu haina faida kubwa, kwa kuwa huganda pamoja nayo kwenye joto karibu lile lile. Aloi ya silikoni asilimia 7, hata hivyo, haianzi kuganda mpaka joto lishuke karibu na nyuzi 615, na kabla ya hapo boroni huwa imekwisha kujitenga kuwa vijisehemu vya aluminiamu diboraidi vinavyongoja kazi. Asilimia 0.01 hadi 0.02 hutosha. Kilo 100 za metali zahitaji gramu 10 hadi 20 za boroni, ambazo hupatikana katika chini ya kilo moja ya aloi ya kuongezea yenye boroni ya asilimia 3, na chembe hushuka hadi mikromita mia mbili au tatu.

Kuna sharti moja, nalo ni zito. Titani isiwepo, au iwe kidogo sana. Boroni huipenda titani kuliko inavyoipenda aluminiamu, na kila sehemu moja ya boroni hufunga takriban sehemu 2.2 za titani kwa uzito, hivyo aloi iliyo na titani ya asilimia 0.1 yaweza kumeza boroni ya asilimia 0.045, zaidi ya maradufu ya kiasi kilichotiwa. Kinachobaki ni diboraidi nzito inayozama chini ya chungu na kuwa tope, na tiba ya boroni hugeuka kuwa ile ile fimbo ya zamani ambayo silikoni huishinda. Vilevile boroni huishika strontiamu, elementi ambayo viwanda vya leo huitumia badala ya sodiamu kulainisha silikoni, na hizo mbili zikikutana huondoana kazi. Wenye viwanda wa Ulaya waliotaka kuitumia boroni peke yake walilazimika kuanza na aluminiamu mpya isiyotiwa titani, jambo linalowezekana kwa aliye na mkataba na kiyeyushio cha aluminiamu na ambalo halikuwezekana kamwe kwa aliye na rundo la vichwa vya injini kando ya barabara.

Rundo hilo lilianza kukua Nakuru baada ya uhuru. Mashamba makubwa ya Subukia, Solai na Bahati yaliuzwa na kugawanywa kwa wakulima wadogo, kupitia mipango ya serikali na kampuni za wananchi za kununua ardhi, na mitambo ambayo mlowezi mmoja aliitunza ikawa mali ya watu wengi au ikaachwa kuoza. Wakati huo huo usafiri wa abiria katika barabara ya Nakuru kwenda Nyahururu, inayopita Subukia, uliangukia mikononi mwa magari ya Peugeot 404 na 504, yaliyopendwa kwa ugumu wake na kwa ushindi wake katika mashindano ya Safari, 404 ikishinda mwaka 1963 na kwa miaka mitatu mfululizo kuanzia 1966. Peugeot hizo zilikuwa na kichwa cha injini cha aluminiamu juu ya bloku ya chuma, na kichwa cha aluminiamu kilichochemshwa kwa kukosa maji kupandia ukingo wa Subukia huweza kupinda kisiweze kunyooshwa. Volkswagen ya mgongo wa kobe ilileta hatari ya aina yake: vichwa vyake ni vya aluminiamu, lakini kasha kuu la injini ni la aloi ya magnesiamu, na fundi asiyetambua tofauti akilitupa lote chunguni huona mwako mweupe mkali na kubaki na metali iliyojaa taka. Baada ya biashara kufunguliwa katika miaka ya 1990, magari yaliyotumika kutoka Japani yalileta aina nyingine tena, hasa makasha ya gia yaliyosubiwa kwa mashine za shinikizo katika aloi ambayo Wajapani huiita ADC12, yenye silikoni ya asilimia 10 hivi na zaidi, na chuma kinachoruhusiwa kufika asilimia 1.3 ili metali isishikamane na kalibu ya chuma.

Inafaa kusisitiza kwamba sufuria za kawaida za Kenya hazikutokana na kazi hii. Kampuni iliyokuja kujulikana kwa jina la Kaluworks, iliyoanza Mombasa mwaka 1929, hutengeneza sufuria kwa kukandamiza bati la aluminiamu lisilo na silikoni nyingi, na mafundi wa Kamukunji mjini Nairobi nao walifua bati. Msubu aluminiamu alitoa vitu vizito zaidi: puli za mikanda ya mashine za kusagia unga, makasha na mapangaboi ya pampu, vishikio vya sufuria, mapambo ya mageti, na vipuri ambavyo duka lilikuwa limeacha kuviagiza. Kwa nchi ya mahindi kama Subukia, puli ya posho mill si kitu kidogo. Ikipasuka wakati wa mavuno, kijiji kizima husaga mbali.

Namna ya kufanya kazi haikubadilika sana. Tanuri ni pipa lililopakwa udongo ndani, moto ni wa makaa au wa mafuta machafu ya injini yanayopulizwa kwa feni, chungu ni kipande cha bomba nene la chuma lililochomelewa kitako, na kalibu ni mchanga wenye unyevunyevu uliogandamizwa kuzunguka kipuri cha zamani kinachoigizwa. Karibu kila hatua hapo hukuza chembe na kuongeza mashimo. Mchanga hupoza metali polepole, na kupoa polepole huacha viini vichache vikue. Unyevu na moshi wa mafuta huingiza haidrojeni, ambayo hutoka metali inapoganda na kuacha vitundu. Na fundi asiye na kipimajoto hupandisha moto kupita kiasi ili awe na hakika kwamba kalibu itajaa, kumbe metali iliyopashwa mno ndiyo inayotoa chembe kubwa zaidi. Haki itendeke hapa: mafundi wengi wenye uzoefu walizitambua kanuni hizi bila hadubini, wakajifunza kungoja kidogo kabla ya kumimina na kupachika kipande cha chuma baridi ndani ya mchanga mahali panene, na hatua hizo mbili hudogosha chembe bila gharama yoyote.

Serikali ilichelewa kuwaona. Ripoti ya Shirika la Kazi Duniani ya mwaka 1972 kuhusu ajira nchini Kenya ndiyo iliyoipa dunia msamiati wa sekta isiyo rasmi, na Rais Daniel arap Moi aliwatembelea mafundi wa Kamukunji mwaka 1985 na kuahidi vibanda, baada ya hapo sera za mwaka 1986 na 1992 zikaitaja jua kali, yaani sekta hiyo isiyo rasmi, kwa jina. Mwaka 1986 Moi alikitaka Chuo Kikuu cha Nairobi kubuni gari la Kenya, na magari matano ya mfano ya Nyayo Pioneer yalionyeshwa hadharani mwaka 1990. Hayakuwahi kuundwa kwa wingi. Mradi ule husemwa zaidi kwa kejeli, ingawa uliwalazimisha wahandisi wa Kenya kukabili kazi ya kusubu na kuchonga vipuri vya injini nyumbani, na mitambo yake iliachwa kwa kampuni ya umma ya Numerical Machining Complex. Faida hiyo ilibaki Nairobi. Nakuru ilikuwa na chuo chake cha ufundi, kilichojengwa kwa harambee katika miaka ya 1970 na kilichojulikana kwa jina la Rift Valley Institute of Science and Technology, lakini umbali kati ya darasa la umakanika na tanuri la kando ya barabara haukupimwa kwa kilomita.

Wasomi waliolisogelea tanuri hilo kwa makini walitoka Chuo Kikuu cha Nairobi. Mwaka 2003 Thomas Mbuya, B. O. Odera na S. P. Ng'ang'a walichapisha katika jarida la kimataifa la utafiti wa kusubu mapitio marefu kuhusu athari ya chuma katika aloi za aluminiamu na silikoni, na mwaka 2010 Mbuya na wenzake wakaandika kuhusu njia bora za viwanda vidogo kurejeleza aloi hizo. Katika Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta, Juja, wengine walipima mtiririko wa aloi zilizorejelezwa. Si ajabu kwamba walianza na chuma badala ya chembe. Chuma hakitoki kikishaingia: chungu cha bomba, fimbo ya kukorogea, pini iliyosahauliwa ndani ya pistoni, vyote huyeyuka kidogo kidogo, na chuma kikizidi kiasi cha asilimia 0.7 huunda vibapa vyembamba vigumu ambavyo chini ya hadubini huonekana kama sindano na ambavyo huvunja kipande kabla ya wakati wake. Aliye na sindano hizo katika metali yake hapati nafuu ya maana kwa kudogosha chembe. Dawa iliyo karibu naye ni kutenga chakavu kwa aina ya kipuri, pistoni kwa pistoni na vichwa kwa vichwa, kwa kuwa kipuri chenyewe huonyesha kwa ukaribu wa kutosha aloi iliyomo.

Boroni, kwa upande wake, imefika Nakuru kwa njia ambayo haikukusudiwa. Waya wa aluminiamu wa njia za umeme hutibiwa kwa boroni kiwandani kabla ya kuvutwa, si kwa ajili ya chembe bali ili boroni iifunge titani na vanadi na kuzizamisha, kwa kuwa elementi hizo zikibaki hupunguza uwezo wa waya kupitisha umeme. Waya huo, ukiibwa na kuuzwa, huishia katika vyungu vilevile. Wizi wa mali ya umeme na reli ulizidi kiasi kwamba Kenya ilitunga Sheria ya Vyuma Chakavu mwaka 2015, na mnamo Januari 2022, baada ya minara ya umeme kuanguka na nchi kukosa umeme, Rais Uhuru Kenyatta alisimamisha biashara yote ya vyuma chakavu kwa miezi kadhaa. Kwa msubu wa haki, marufuku ile ilimaanisha kukosa malighafi kabisa. Kitaalamu waya huo ni karibu aluminiamu tupu, nao ukitiwa katika rundo la pistoni huteremsha silikoni na kuharibu mtiririko, wakati boroni iliyobaki ndani yake ni kidogo mno kuwa dawa.

Uamuzi kuhusu boroni katika mazingira haya hauwezi kuwa wa jumla. Kwa pistoni haina kazi kubwa, kwa sababu karibu metali yote huganda kama yutektiki na chembe za aluminiamu zinazotangulia ni chache. Kwa vichwa vya injini ingefaa, lakini vichwa vingi vilitiwa titani ya asilimia 0.1 hadi 0.2 na kiwanda cha kwanza, kwa nia njema ya kudogosha chembe kwa njia ya zamani, na titani hiyo ndiyo inayoizuia njia mpya. Fundi wa Nakuru hubeba hivyo matokeo ya uamuzi uliofanywa Ufaransa au Japani miaka thelathini kabla yake. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Brunel, Uingereza, wametoa mchanganyiko wa niobi na boroni ambao silikoni haiuharibu kwa urahisi, na huenda siku moja ukauzwa kwa bei ya mtu wa kawaida. Boroni yenyewe haichimbwi Kenya. Akiba kubwa kabisa ya dunia iko Uturuki.

Kutenga chakavu kuna sababu nyingine isiyohusu nguvu za metali. Mwaka 2017 watafiti wakiongozwa na Jeffrey Weidenhamer wa Ashland University, Marekani, walichapisha vipimo vya vyombo 42 vya kupikia vya aluminiamu kutoka nchi 10, Kenya na Tanzania zikiwemo, na wakakuta risasi ikitoka katika baadhi yake kwa viwango visivyofaa kwa chakula. Chombo cha kupikia kisisubiwe kwa vipuri vya injini, hata chembe zake ziwe ndogo namna gani. Kwa kazi nyingine zote, puli, makasha na mapangaboi, msubu wa Nakuru aliyetenga vichwa na pistoni, aliyekipaka chungu chake udongo ili chuma chake kisilike, na aliyemimina bila kupasha moto kupita kiasi, amekwisha kupata sehemu kubwa ya kile ambacho boroni ingempa, na kaunti au chuo kitakachompatia kipimo cha titani na chuma kwa bei nafuu kitamfaa kuliko kitakachomletea fimbo ya boroni.